Usingizi wa Fundi

Jumapili, 7 Juni

Haya, nimeanza. Mwenyekiti wa kijiji kaniambia, "Mama Mashine, maneno makali hayavunji mfupa. Kila wakipiga kelele kule ukumbini kwa jirani, wewe andika. Siku gani, mpaka saa ngapi, kelele ya nini. Tukifika ofisini tuwe na kitu mkononi." Basi nimechukua daftari lililokuwa linakaa bure mashineni, nimelipangusa unga, na hapa nipo na miwani yangu.

Kelele ya jana: harusi. Kuanza: jioni, jua bado linaonekana. Kuisha: majogoo. Muziki ni ule wa dumu-dumu-dumu, hauingii masikioni, unaingia kifuani. Mshereheshaji wao ana sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na alimwita bwana harusi asimame mara nyingi mpaka nikatamani kwenda kumsimamisha mimi. Sahani zilicheza kabatini. Fundi hakulala.

Huko ofisini hawamjui Fundi, kwa hiyo nimweleze. Ni mume wangu. Kila mtu anamwita Fundi, na mimi pia, maana ni mwashi, na nyumba nyingi za hapa zimepita mikononi mwake. Kibanda cha mashine yangu ya kusaga alikijenga yeye. Mwaka jana kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Tangu hapo analala sebuleni, kwenye kitanda chembamba, kwa sababu kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wa chumbani. Mimi nalala chumbani, mlango wazi. Daktari alisema dawa, mazoezi na usingizi. Usingizi akaurudia, huku ananinyooshea kalamu. Sasa nauliza, usingizi huo ataupata wapi?

Jumatatu, 8 Juni

Kimya. Mahindi mapya yameanza kuja lakini hayajakauka. Nimewarudisha watu wakayaanike kwanza, wamenuna.

Alhamisi, 11 Juni

Kelele: majaribio ya spika. "Moja, mbili. Moja, mbili." Mchana kutwa. Mtu mzima, na hesabu yake haijawahi kufika tatu.

Jumamosi, 13 Juni

Nilisema sitamwendea, nikamwendea.

Mwenye ukumbi tunamwita Shangwe, kwa sababu ndilo neno lililoandikwa kwa taa kwenye bango lake. Alikuwa karani wa benki mjini. Aliponunua shamba la alizeti linalopakana na letu tulifurahi, tukadhani tumepata mkulima. Thubutu! Aling'oa alizeti, akamwaga kokoto, akasimamisha paa refu lisilo na kuta, akajenga na vibanda vya wageni kulala. Watu wa mjini, inaonekana, hawawezi kuoana mpaka waone nyasi.

Nilimkuta juu ya ngazi anafunga vitambaa vyeupe. Akashuka mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vitambaa vimekaa vizuri. Kelele zako je?"

"Mama, nimeshaweka tangazo mlangoni. Muziki mwisho saa nane."

"Saa nane ya usiku ndiyo mwisho? Mwanangu, mimi saa nane najigeuza nianze kufikiria kuamka. Na nina mgonjwa."

"Pole sana. Anaendeleaje, mzee?"

"Ataendeleaje na halali?"

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, kwa ule upole wa karani anayekueleza kwamba hela yako haijaingia, "Mama, na mimi ningeomba jambo dogo. Jumamosi ile, wakati wa viapo, mashine yako iliwaka. Bibi harusi akasema anakubali, hakuna aliyemsikia. Ikabidi arudie. Mama mkwe hakupenda. Na alfajiri wageni wangu wakiwa wamelala kwenye vibanda..."

"Mashine yangu inalisha watu! Wewe unalisha nini?"

Nikamwachia vitambaa vyake. Jibu zuri zaidi lilinijia nikiwa nimeshafika mlangoni kwangu, na kurudi ilikuwa aibu.

Jumapili, 14 Juni

Kelele: mtoto katimiza mwaka mmoja. Mtoto mwenyewe alilala zamani. Waliokesha ni wajomba zake.

Jumatano, 17 Juni

Kikao nyumbani kwa Mwenyekiti. Tumejaa sebuleni kwake hadi nje. Aliyesema kwa uchungu kuliko wote ni mfuga kuku wa ng'ambo ya barabara. Kuku wake hawatagi. Anasema kila Jumapili asubuhi anawakuta wamesimama wamekodoa macho kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Tulicheka, yeye hakucheka.

Mwenyekiti ndiye alikuwa anaandika barua ya malalamiko. Alianza kiungwana: tunaomba ukumbi upunguze sauti. Nikamkatiza. Nikasema tukiomba upunguze, watapunguza leo na kesho wataongeza. Hili eneo kwenye ramani ya serikali ni la kilimo. Basi tuseme hivyohivyo: shughuli zote zisizo za kilimo ziondolewe.

"Zote?" Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani.

"Zote. Ukimpiga nyoka nusu anarudi."

Mfuga kuku akapiga makofi. Mwenyekiti akaandika. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mgonjwa, wakasema sahihi yangu itangulie. Nikaandika na maelezo kwamba mume wangu halali usiku, hali yake inazidi kudhoofika. Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele. Fundi akauliza kikao kilihusu nini. Nikamwambia, wewe usijisumbue, nimeshakusemea.

Jumamosi, 20 Juni

Kelele: harusi, kubwa kuliko zote. Nimetoka chumbani kwenda sebuleni nisijue mara ngapi. Kila nikifika namwekea Fundi mkono kifuani, naye anafumbua macho.

"Nini?"

"Hizi kelele. Unaona? Huwezi kulala."

Ananiangalia tu, anafumba. Narudi kulala, silali. Nasikiliza, sisikii kitu ila dumu-dumu. Naamka tena.

Jumapili, 21 Juni

Macho yangu ni mekundu kama nyanya. Fundi amekunywa uji wote, akaomba mwingine.

Jumanne, 23 Juni

Barua imefika ofisini. Mashineni foleni ndefu, sasa mahindi yamekauka. Nimesaga tangu alfajiri, nywele zote unga, mtu angeniona njiani usiku angekimbia.

Jumamosi, 27 Juni

Kelele: mahafali. Wanafunzi wanaimba vibaya lakini wanaacha mapema. Nimemwendea Fundi mara chache tu.

Jumanne, 30 Juni

Sijui nianzie wapi.

Afisa wa mipango ya ardhi amekuja. Watu wamempa jina la Bwana Futi palepale, maana futi yake ya kupimia haimtoki mkononi. Kijana mwembamba, mpole, viatu vinang'aa. Alikuja na ramani, mnyororo, na kopo la rangi nyekundu. Tulimfuata kwa Shangwe kundi zima, mimi mbele. Akapima, akaandika, akachora alama kubwa ya X kwenye nguzo ya ukumbi. Shangwe alisimama kando, mikono nyuma. Mfuga kuku alinifinya mkono kwa furaha.

Kisha Bwana Futi akageuka akaja upande wetu. Nikadhani anakuja kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja mashineni.

"Hiki kibanda ni cha nani?"

"Changu. Mashine ya kusaga."

Akafungua kopo la rangi.

"Ala! Ala, mwanangu! Unafanya nini? Unga ni kilimo!"

"Kulima ni kilimo, mama. Kufuga ni kilimo. Kusaga kwa mota ni kiwanda."

"Mahindi yenyewe yametoka shambani!"

"Na pombe pia, mama, hutoka kwenye nafaka." Akasema bila kejeli, na ndilo lililoniuma. Akatoa barua yetu kwenye mkoba, akasoma kwa sauti, watu wote wanasikia: "'Tunataka shughuli zote zisizo za kilimo ziondolewe.' Zote. Mimi nimetumwa na barua hii. Sahihi ya kwanza hapa ni ya nani?"

Watu wote walikuwa wamepata kitu cha kutazama juu angani.

Akapiga X yake kwenye ukuta alioujenga Fundi, akafunga mlango kwa mnyororo. Ndani nimeacha magunia ya watu hayajasagwa, na mavuno ndiyo yamekomaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimekuwa nikiisema methali hii maisha yangu yote, nikiwasema wengine.

Jumatano, 1 Julai

Fundi ameomba nimsukume aende kuona. Nilimpeleka nikiogopa, maana kibanda kile alikipenda. Akakaa mbele ya ile X, akaitazama muda mrefu, kichwa upande.

"Imepinda," akasema.

Akaanza kucheka. Anacheka kwa mdomo wa upande mmoja, na mabega yanatikisika. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Mimi nikalia. Tulikuwa pale, mmoja anacheka, mmoja analia, na mtu akipita angesema hawa wawili wameshamalizika.

Jumamosi, 4 Julai

Hakuna harusi. Hakuna mashine. Kijiji kimya kabisa.

Jumapili, 5 Julai

Nimelala! Nilijilaza, nikamsikia Fundi kule sebuleni anavuta pumzi, anatoa, na ule mkoromo wake wa siku zote, kisha sikujua kitu mpaka jua lilipoingia dirishani. Asubuhi nikamwendea kwa furaha nikamwuliza, "Umelalaje leo, bila kelele?"

"Kama siku zote."

Nikasema hajaelewa swali. Nikalirudia. Akarudia na yeye jibu lake.

Jumatano, 8 Julai

Watu wanapita na baiskeli, magunia nyuma, wanakwenda kusaga ng'ambo ya daraja, mwendo wa nusu siku. Mama mmoja niliyemsagia tangu ni mwali kanipita bila salamu, kisha akarudi nyuma akasema, "Sikukuona." Mtu mnene kama mimi!

Nimekwenda kwa mfuga kuku nikamwomba tuandike barua nyingine, tuilainishe ile ya kwanza. Alikuwa anaokota mayai, trei juu ya trei.

"Sheria ni sheria, mama," akasema. "Na ndiwe uliyesema zote."

"Nilisema, ndiyo. Ila nilimaanisha yule."

"Kuku wangu hawajawahi kutaga hivi. Samahani, mama, nina kazi."

Huyu ndiye aliyenifinya mkono kwa furaha. Kwa kweli mtu humjui mpaka maslahi yake yakae sawa.

Ijumaa, 10 Julai

Siwezi kukaa. Nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Fundi amesema, "Kaa." Nimekaa. Nimeinuka.

Jumanne, 14 Julai

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Futi. Nilipofungua mlango wa chumba cha kusubiria, nani yuko kwenye benchi? Shangwe. Benchi lenyewe moja. Nikasimama mpaka magoti yakaniambia acha ujinga, nikakaa mwisho kabisa.

Kisha akafungua mfuko, akanisogezea chupa ya maji.

"Mama, kunywa. Joto."

Nikanywa. Kiu haina adui.

"Wale waliokuwa wafunge ndoa Jumamosi hii," akasema, hakuwa ananiambia mimi hasa, "bibi harusi amelia kwenye simu. Nikamwambia nitafanya kila njia. Njia yenyewe siioni. Niliacha kazi ya benki kwa sababu ya lile paa, mama. Mke wangu alinikataza. Sasa kila jioni ananiuliza, 'Enhe?' Hilo tu. 'Enhe?'"

Nilitaka kusema umeyataka mwenyewe. Badala yake nikajisikia nasema, "Wanaume wengine wangesingizia serikali." Akacheka kidogo. Sikuwahi kuona kwamba meno yake ya mbele yana mwanya, kama ya mdogo wangu wa mwisho.

Tukaitwa, sote wawili pamoja. Bwana Futi akasema njia ipo. Kila mmoja aombe kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja chake. Lakini hakuna kibali bila jirani anayepakana nawe kuandika kwamba hana pingamizi.

"Mama, wewe unapakana na nani?"

Nikamwangalia Shangwe.

"Na wewe, bwana?"

Akaniangalia mimi.

Bwana Futi hakucheka, ila alishika kidevu. Kisha akasema si sahihi yangu inayotakiwa, ni ya mwenye kiwanja. Kiwanja kina jina la Fundi. Nikasema hakuna shida, mume wangu ni mgonjwa, mimi namsemea kila kitu. Akafunua ile barua yetu tena. Naichukia barua ile.

"Umeandika hapa kwamba mgonjwa halali na anadhoofika. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Nikachukua fomu mezani kwake, nikashika njia ya nyumbani.

Jumatano, 15 Julai

Nimemweleza Fundi yote, tangu kikao cha kwanza. Nimemsomea na fomu. Ameniacha nimalize. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja, kwa hiyo huwezi kusema hukusikia.

"Hukuniuliza," akasema.

"Nilikuwa nakuhurumia!"

"Hukuniuliza."

Akageuza kiti kwa mkono wake mzima, akatazama dirishani. Fomu ikabaki mezani.

Alhamisi, 16 Julai

Hajasaini.

Ijumaa, 17 Julai

Hajasaini. Upepo mkali, vumbi hadi kwenye chai.

Jumapili, 19 Julai

Hajasaini. Nimempikia kile anachopenda. Amekula chote, akashukuru, hajasaini. Magunia ya watu yamekaa nyuma ya mnyororo na najua panya wameshapata habari. Jioni nimefoka, nikamwambia anataka tufe njaa kwa kiburi. Nimelia jikoni, kitunguu mkononi, ili akiniuliza niseme ni kitunguu. Hakuniuliza.

Jumatano, 22 Julai

Shangwe amekuja mwenyewe. Nilimfungulia mlango nikiwa na ufagio, akarudi hatua moja nyuma.

"Nimekuja kumsalimia mzee," akasema. "Kama anaruhusu."

"Karibu," Fundi akajibu toka ndani, kabla sijasema kitu.

Shangwe hakukaa kwenye kochi. Alivuta kigoda akakaa chini kuliko Fundi, akaweka juu ya magoti fomu mbili za kutokuwa na pingamizi, yake na yetu. Yetu alikuwa ameshaisaini. Hakuweka sharti lolote. Nilipoiona ile sahihi, jina lote kwa herufi za kibenki, nikaona aibu nikaenda kusimama karibu na kabati.

"Mzee," akasema, "mimi nilijenga bila kukupigia hodi. Nilimsalimia mama nje, nikaona basi. Nisamehe. Niambie unataka nini, nami nitafanya."

Fundi akavuta pumzi. Tukasubiri.

"Yule... mshereheshaji."

"Ndiyo, mzee?"

"Mfukuze."

Shangwe akabana midomo, akashindwa, akacheka mpaka akashika kigoda. Fundi naye. Hata mimi, ingawa nilikuwa nimekusudia kununa.

"Ni shemeji yangu, mzee. Lakini ataondoka. Kingine? Spika nitazigeuza zitazame bondeni. Muziki mwisho saa sita. Nitaandika."

"Saa sita... sawa. Mimi sina neno. Mimi nalala."

"Unalala?" nikasema toka kule kabatini.

Fundi akanigeukia. "Nalala. Ngoma zikipiga, nalala. Zisipopiga, nalala. Wewe... ndiye unaniamsha."

Mnajua mtu anapokwambia kitu ulichokuwa unakijua, ukakiwekea kitambaa juu? Nilitaka kubisha. Shangwe akainamisha uso anatazama viatu vyake, akataka kuinuka, Fundi akamshika bega kwa mkono wa kushoto akamkalisha.

"Kila usiku anakuja," Fundi akasema. "Anaweka mkono... hapa. Namwuliza nini. Anasema kelele."

Basi nikasema. Sikupanga kusema, na hasa si mbele ya jirani. Nilisema usiku ule alipougua tulikuwa tumelala kitanda kimoja, na mtu huyu hakupiga kelele, hakuita, hakuanguka. Kilichoniamsha ni kimya. Miaka yote analala anakoroma, na usiku ule aliacha. Nisingeujua ule mkoromo kama jina langu, ningelala mpaka asubuhi kando ya maiti. Sasa amelazwa sebuleni, mimi chumbani, na ninachokuwa nacho usiku kucha ni ile sauti ya pumzi inayopita mlangoni. Ngoma zikianza siisikii. Naogopa. Ninaogopa mpaka meno yanagongana, na asubuhi nawasha mashine alfajiri kwa sababu siwezi kulala tena. Si kwamba nilitaka alale. Nilitaka nimsikie.

Nje baiskeli ilipita na gunia lake.

"Mbona hukusema?" Fundi akauliza.

"Ningesemaje? Daktari alisema usingizi, nikasema usingizi."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Shangwe akaipata kalamu haraka, akamwekea. Lakini Fundi hakuandika. Alinyooshea ile kalamu mlango wa chumbani, mlango mwembamba alioujenga mwenyewe tulipokuwa vijana na hakuna aliyewaza magurudumu.

"Sharti langu... moja. Mlango ule upanuliwe. Nirudi kitandani kwangu."

"Utabomoa ukuta?" nikasema. "Nani atabomoa? Wewe na mkono gani?"

Shangwe alikuwa ameshavua koti.

Jumamosi, 25 Julai

Kelele: nyundo. Kwetu.

Shangwe na Mwenyekiti wamevunja ukuta, Fundi kwenye kiti anawaelekeza. Karani hajui kushika nyundo, anaibembeleza. "Piga! Si... mtoto wako!" Fundi anamfokea, na kila akifoka maneno yanatoka mepesi zaidi. Vumbi limejaa kila mahali. Saa nane mchana mfuga kuku amevuka barabara, uso umekunjamana, kusema kuku wake wameacha kutaga na hii ni kelele gani.

Mwenyekiti akamwambia aandike tarehe.

Jumanne, 28 Julai

Mlango mpya umepigwa lipu. Fundi ameipitisha plasta ya mwisho kwa mkono wa kushoto, yeye mwenyewe, sehemu ya chini anakofikia. Haijanyooka. Sijamwambia, na yeye anajua sijamwambia.

Amesaini. Herufi zimelala chali zote, lakini ni jina lake.

Jumanne, 11 Agosti

Vibali vimetoka. Bwana Futi amekuja kufungua mnyororo, na kufuta X hakufuta, anasema hilo si jukumu la ofisi. Fundi anataka ibaki. Nimewasha mashine, panya wametoka kama watu wanaofukuzwa na mwenye nyumba. Magunia mawili wameyatoboa, nitafidia. Yule mama aliyekuwa hanioni ameniona leo kutoka mbali kabisa.

Tumekubaliana na Shangwe: Jumamosi mashine inazimwa wakati wa viapo. Atatuma mtu apeperushe kitambaa cheupe.

Jumamosi, 15 Agosti

Harusi ya kwanza kwa Shangwe tangu vibali vitoke, ya yule bibi harusi aliyelia kwenye simu. Kitambaa kilipeperushwa, nikazima mota, nikasimama mlangoni na unga hadi kwenye kope. Kutoka kule nilimsikia akisema anakubali. Ana sauti nene kuliko nilivyodhani. Nikawasha tena.

Jumapili, 16 Agosti

Kelele ya jana, kwa kuwa daftari ni la kelele. Harusi. Mshereheshaji mpya, naye si mbaya. Spika zinatazama bondeni, lakini dumu-dumu bado inafika, hakuna aliyenidanganya kwamba haitafika. Nilijilaza nikaisikiliza. Fundi kando yangu, upande wake wa zamani wa ukutani, kanipa mgongo. Nikatega sikio nisikie pumzi yake. Wapi! Ngoma tupu. Mwili mzima ukataka kuinuka, nikajikuta nimeshaweka mguu mmoja chini.

Kisha nikaurudisha. Nikamsogelea, nikaweka mgongo wangu kwenye mgongo wake. Sikusikia chochote. Ila ubavu wake ulipanda, ukashuka, ukapanda.

Kuanza: jioni. Kuisha: sijui.